Konde Tulilowapa Popo

Hawa popo mnaowasikia wakigombana juu ya makaburi kama wanawake waliokutana kwenye foleni ya maji, kuna miaka walikuwa hawapo. Tuliwala. Mie mwenyewe nimewala, kwa tui zito na pilipili mbichi, na kwa umri huu sitasema uongo. Palikuwa na mwalimu wa chuo cha Kurani akisema haramu, mwenzake akisema makuruhu tu, na sie tukawaacha wabishane huku tunachovya. Mwenye ulimbo akatega ulimbo. Wa mjini wakaja na bunduki zao, wakipiga mchana popo wamelala, wanadondoka kama madafu. Miaka ikenda hivyo, mpaka asubuhi moja miti ya makaburini ikanyamaza, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Tuliona raha tumepunguziwa kelele.

Sasa sikilizeni pale mahali palivyo, maana bila ya kupajua hamtanielewa. Juu kuna makaburi yetu na miti yake mikubwa, mivule na mikuyu, ambayo hapana aliyethubutu kuikata kwa kuwaogopa waliolala chini yake. Bondeni kuna kijito, na kando ya kijito kuna msitu mwengine mdogo. Katikati ya misitu miwili hiyo palikuwa na konde. Konde zuri, udongo mweusi, ukichomeka kijiti leo kesho kina majani. Konde lile langu, nimelirithi kwa baba. Lakini aliyelilima ni mdogo wangu.

Mdogo wangu na mie ni tumbo moja, baba mbali. Mama alipoachwa na baba yangu akaolewa na mume mwengine, akamzaa yeye. Kwa hivyo mali ya baba yangu yeye haimfiki. Alipofiwa na mumewe, watoto bado wadogo, akaja akakaa ukumbini kwangu, kanga kaifunga kiunoni, akanambia, "Dada, niazime konde."

Mie nikamwazima. Kwetu huku kuazima konde si jambo kubwa. Lakini kuna sharti lake, linajulikana na kila mtu: la kuazimwa hupandi mti. Panda muhogo, panda viazi, panda kunde, ukivuna umeondoka na chako. Ukipanda mnazi au mkarafuu, umeshaweka mguu. Mti ni wa aliyepanda, na mwenye mti hafukuzwi chini ya mti wake.

Mwaka mmoja akanijia. Yeye husema polepole, kila neno kama analitoa mvunguni. "Dada," akasema, "nataka nipande mnazi. Mmoja tu. Wa kukaa kivulini nikichoka."

Mie badala ya kumjibu kama watu, nikamjibu kwa sauti ya marehemu baba, ile ya puani, na kidole nimekinyanyua hivi: "Cha kuazima hakipandwi mti, binti! Leo mnazi, kesho nyumba, kesho kutwa unaniuliza mie nani!"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka. Kisha akasema, "Haina neno, dada." Ndilo neno lake hilo. Mvua ikimharibia, haina neno. Tumbili akimng'olea muhogo, haina neno. Hakupanda mnazi. Akawa akichoka anakaa juani, amejitanda kanga kichwani, na mie napita njiani namwona.

Basi vikaja vyama vingi. Msiniulize mie mambo ya vyama, shule sikwenda, lakini nilijua hili: watu tuliozikana, tukaozana, tukachumiana karafuu, tulifika pahala mtu hanunui chumvi duka la mwenzake. Harusi ya upande huu, wa upande ule hawali pilau. Palikuwa na mzee mmoja, fundi baiskeli, na jirani yake ukuta kwa ukuta, wakisalimiana kwa kukohoa. Huyu "kh!", yule "kh! kh!". Hiyo ndiyo asalamu alaykum yao.

Katikati ya hali hiyo akaja bwana misitu kutoka mjini Chake. Kijana msafi, kalamu mfukoni, anazungumza Kiswahili cha redioni. Sheha, mkubwa wa kijiji chetu, akatuita barazani, pale chuoni. Na nani walioitwa? Wenye miti. Kila mwenye mti wake pale juu au bondeni. Mie nina mivule miwili na mifenesi, nikaitwa. Mdogo wangu hakuwa na mti hata mmoja, hakuitwa. Siku ile alikuwa kondeni akipalilia.

Bwana misitu akasimama. "Ndugu wananchi," hivyo alivyosema, mdomo kaukaza kama anapuliza mshumaa, "popo huyu mkubwa wa Pemba hapatikani popote duniani isipokuwa hapa kisiwani kwetu. Tukimmaliza sisi, amekwisha. Lakini akipata utulivu na msitu, atarejea. Na akirejea, yeye mwenyewe ndiye mkulima wa msitu. Anakula tunda huku, anadondosha mbegu kule. Sisi hatutapanda chochote. Tutaiachia ardhi tu."

Akaonesha kwa kalamu yake. Misitu miwili ile, wa juu na wa bondeni, kwa peke yake ni midogo. Lakini pale katikati pakiachwa pasilimwe, misitu itashikana mikono, uwe mmoja.

Mie nikajua pale katikati ni wapi. Nilijua mara ile ile. Mtu asije akasema sikufahamu.

Hapo fundi baiskeli akanyanyuka. "Tunajua sie! Leo mwaachia popo, kesho mwaweka bendera! Hii njama ya kutunyang'anya ardhi!" Jirani yake naye akanyanyuka upande wa pili, "Nani kanyang'anywa? Weye ndo umezoea kupinga kila kitu, hata mvua ukiambiwa ya serikali utaanika nguo!" Watu wakaanza kusimama. Mwengine keshavaa viatu. Sheha anasema "Jamani, jamani," jasho linamtoka. Nikaona baraza ile inavunjika, na ile ndiyo mara ya kwanza kwa muda mrefu nimewaona watu wa pande mbili wamekaa mkeka mmoja. Roho ikaniuma. Wallahi iliniuma, na hilo nalishika mpaka leo kama kijiti cha kuegemea.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikamwiga sheha, "Jamani, jamani." Wakageuka. Nikamwiga fundi, "mwaweka bendera!" Nikamwiga jirani yake. Nikamwiga popo mwenyewe amening'inia, anawatazama watu kichwa chini miguu juu, anasema, "Hawa wote wamepinduka, mzima ni mie peke yangu." Wakacheka. Wakacheka pande zote mbili, na waliokuwa wamevaa viatu wakavivua.

Sheha akaona pameingia baridi, akaniwahi. "Bi Mkubwa, pale katikati si pako? Wasemaje?"

Nikasema, "Pangu, lakini analima mdogo wangu."

"Na yeye atasemaje?"

Hapo ndipo. Mdomo wangu ulikuwa umeshapata moto wa kuchekesha, haukuweza kusimama. Nikajitanda kanga kama anavyojitanda yeye, nikainamisha shingo, nikaitoa ile sauti ya mvunguni: "Haina neno, dada. Haina neeeno."

Watu wakavunjika mbavu. Kila mtu anaijua sauti ile. Fundi baiskeli akajipiga paja, "Ndiye! Ndiye yeye!" Na sheha akamwambia bwana misitu, "Basi, mwenyewe kakubali." Wakasoma fatiha. Fundi na jirani yake wakatoka wakikoholeana, lakini kikohozi cha kucheka.

Mie nikafikiri sheha kafanya mzaha. Nikangoja aseme, "Sasa mtu akamwite." Hakusema. Nami sikusema.

Jioni nikenda kwa mdogo wangu. Alikuwa anaosha jembe. Nikamwambia, "Leo nimekusemea barazani." Nikamweleza yote, popo, misitu kushikana mikono, na lile konde liachwe kabla ya masika. Alikuwa ameinama, maji yanatiririka juu ya jembe. Akaendelea kuosha mpaka hapana tena udongo wa kuosha.

"Muhogo haujakomaa," akasema.

"Najua."

Akalisimamisha jembe ukutani. Kisha akasema, "Haina neno, dada."

Nami, mtakatifu mie, nikarudi nyumbani nikijiambia: si unaona? Kasema mwenyewe. Nilivyoiga ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Nikalala na ushahidi wangu kifuani. Sikutaka kujiuliza: mtu ukishamsemea mbele ya watu wote, limebaki neno gani la kusema? Angesema "sitaki," ningekuwa mie ndiye muongo kijijini, na dada mkubwa hafanywi muongo.

Aling'oa muhogo wote. Sikwenda kumsaidia, nilisema mgongo unaniuma. Jioni ya mwisho akaja kwangu na bakuli limefunikwa kawa. Muhogo wa nazi. Vipande vyake vyembamba, kama vidole vya mtoto, bado vina maji, havijapata unga. Akanitengea, akakaa, akasema, "Kula, dada. Ndo huno wa mwisho."

Nikala. Haukuwa na ladha yoyote, wala mtamu wala mchungu. Nikafanya kama bibi arusi aliyetengewa chakula na mavyaa, mama wa mumewe, natafuna kidogo kidogo kwa midomo ya mbele, nipate kumchekesha. Alicheka. Hiyo ndiyo tabia yake, hunipa kicheko changu hata kama kwake hakijabaki. Alipoondoka, akaacha mlangoni fungu la miti ya muhogo, ile mbegu yake, mweupe wenye ganda jekundu. "Usije ukapotea," akasema. "Mie sina pa kuupanda."

Nikaichomeka nyuma ya jiko langu.

Yeye akaenda Wingwi alikoolewa binti yake. Akaazimwa kipande huko, mawe matupu, na alichopanda kikaliwa na mbuzi wa watu. Akakaa misimu michache, magoti yakamkataa. Mwisho mwanawe wa kiume akamchukua kwake Tibirinzi, mjini Chake, chumba cha uani, nyumba ya kupanga. Mtu aliyelisha nusu ya mtaa kwa muhogo wake, nikasikia ananunua muhogo wa fungu sokoni, anauvunja kwanza kwa kidole autazame kama umelala tangu jana. Aliyeniletea habari alinambia akicheka. Mimi niliitikia "Ee," nikaingia ndani.

Na konde? Mwanzo lilikuwa la aibu. Magugu, upupu, miba. Watu wakanitania, "Bi Mkubwa, popo wako wanalima nini? Upupu?" Kisha ndani ya magugu ikatoka miche. Sikupanda mie, hakupanda mtu. Mkuyu hapa, mtondoo pale, mvule mwembamba kama mwanafunzi. Popo wa mwanzo walikuja wachache tu, wakakaa kileleni mwa mvule wa makaburini kama wageni wasiojua kama watakaribishwa. Vijana wa kijiji, wa vyama vyote, wakawa wanapokezana kulinda, mwenye bunduki anarudishwa barabarani. Popo wakaita wenzao. Leo misitu ile imeshikana mikono kweli, kama alivyosema kijana wa kalamu. Ukisimama njiani hulioni tena konde lilikuwa wapi. Kijito kilichokuwa kikikauka kaskazi, wakati wa jua kali, sasa kina maji. Kuna ndege wa rangi ya majani ambao watoto wangu hawakuwahi kuwaona, wajukuu wangu wanawarushia maneno.

Nami nawapenda popo hawa, hapo ndipo penye dhambi yangu. Kama konde lingeharibika bure, ningekwenda nikalia miguuni kwa mdogo wangu, nikamrudishia, yakaisha. Lakini limekuwa zuri. Jambo zuri utaliombea vipi msamaha? Asubuhi nikisikia zile kelele zao moyo wangu unafurahi, kisha nasikia maji yanatiririka juu ya jembe.

Na pale chini ya mitondoo nilikaa siku moja kivulini. Nikawaza: popo kapanda mti katika konde la kuazimwa, na hakuna aliyemnyanyulia kidole.

Wageni wakaanza kuja kuwatazama. Bwana misitu, sasa tumbo limemtoka, akaniomba niwe nawapokea, maana nawachekesha. Nikawa nawapa kisa chote cha baraza ile kwa sauti zake. Sheha na jasho lake, fundi, jirani, popo kichwa chini. Nikifika pale pa mdogo wangu naruka. Nasema tu, "Basi wote wakakubali." Wageni wanapiga makofi.

Mwaka huu nikasema sitakufa na hili. Nikang'oa muhogo nyuma ya jiko, maana ile mbegu yake sijaiacha ipotee, kila mwaka naipanda upya. Nikaujaza kikapu, nikaenda Tibirinzi.

Nikamkuta kakaa kwenye kibao cha mbuzi ingawa hakuni nazi. Kapungua. Nikapiga hodi kwa sauti ya marehemu mama yetu, akasema bila ya kugeuka, "Mama hakuwa akivuta pumzi hivyo, dada. Umezeeka."

"Tumezeeka."

"Mie nimechoka tu. Aliyezeeka weye."

Nikamwekea kikapu. Akachukua muhogo mmoja, akaukwaruza ganda kwa ukucha. "Huno wangu."

"Wako."

Akauvunja. Ukavunjika kwa kishindo, mweupe, unga mtupu. Akautazama muda. "Umekomaa," akasema.

Akaniuliza habari za popo. Nikamwambia. Akasema amesikia kwamba nawaigia wageni. "Nnasikia wote unao," akasema, "sheha, fundi. Na mie?"

"Wewe sikuigi."

"Kwa nini? Siku ile si uliniiga?" Akaweka muhogo chini. "Nifanye, nikusikie. Miaka yote hii nasimuliwa tu."

Nikakataa. Akanikazia macho. Basi nikajitanda, nikainamisha shingo, nikaitoa: "Haina neno, dada. Haina neeeno."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ndo mie kabisa," akasema. "Siwalaumu waliosadiki." Kisha akasema, "Sasa niige kama ningekuwapo. Ningekuwapo barazani, wameniuliza. Nisemeje?"

Nikafungua mdomo. Mie huyu, ninayeiga hata mlango wa msikiti, hakikutoka kitu. Kumwiga mtu lazima kwanza umsikie. Na katika umri wetu wote mie na yeye, toka namfunga nywele, sikupata kumsikia mdogo wangu akikataa jambo. Sikujua sauti hiyo kwake ikoje. Labda ilikuwapo, nami ndiye niliyekuwa nikisema juu yake.

Nikamwambia, "Siijui."

"Najua huijui," akasema. Akajifuta unga wa muhogo kwenye kanga. Akasema, si kwa sauti ya mvunguni, kwa sauti ya mbele, kavu, ya mtu anayefunga dirisha: "Sitaki. Muhogo wangu haujakomaa. Ningojeni nivune, kisha muniulize."

Basi. Hayo tu. Wangengoja. Popo walikuwa wameshaondoka miaka, msimu mmoja ungewafanya nini?

"Haya, iga," akanambia.

Nikaiga. "Sivyo," akasema. "Unalia. Mie sikulia." Nikaiga tena. Akanirejesha tena, kama mwalimu wa chuo na mtoto mzito wa ulimi. Mkwewe akachungulia kutazama bibi wawili hawa wana nini.

Nikamwambia arudi. Nikamwambia apande mnazi popote anapotaka, mbele ya mlango wangu akipenda, mbele ya sheha na mashahidi. Akacheka, safari hii chake mwenyewe. "Mnazi, dada? Nipande leo, nikae kivulini lini? Nimeshalala makaburini, popo wananinyea." Hakusema haina neno. Nilingoja aseme. Nimerudi nyumbani bila ya kulisikia, na nahisi alinifanyia kusudi, na ilikuwa haki yake.

Tangu hapo wageni wakija nawapa sauti zote. Sheha, fundi, jirani, popo. Nikishawachekesha, naitoa na ile ya "haina neno", wanacheka zaidi. Kisha nanyoosha shingo, nasema, "Sitaki. Muhogo wangu haujakomaa." Bwana misitu ameshaniita pembeni. "Bi Mkubwa, ile ya mwisho tuiache. Wageni wamekuja kufurahi." Nikamtazama tu. Alikuwa anaikaza midomo yake, mshumaa ule ule.

Nilipokwenda tena Tibirinzi nikamweleza mdogo wangu. Alikuwa anamenya muhogo wangu, yaani wake.

"Wakisikia hapo wanacheka?" akaniuliza.

"Hawacheki."

"Basi umenipata," akasema, akanisukumia kisu cha pili nimenye.